Vibao viwili, mikono miwili

Alipofungua kiganja cha kushoto niliona mabaka mawili chini ya kidole gumba, kila moja ukubwa wa kifungo cha shati, ngozi ya juu imetoka na ya chini inang'aa kwa majimaji. "Kaka, hivi ndivyo vibao ulivyoniambia ninunue?" Sikumwambia hivyo. Nilichomwambia miezi miwili nyuma ni kwamba vibao vya plastiki vilivyokuja kwenye mpini wa bastola yake vimelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika, na akitaka kuvibadilisha asisubiri msimu uanze. Yeye akaenda akachagua vikali kuliko vyote alivyoviona. Simlaumu. Mtu anayeteleziwa hununua kisichoteleza.

Huyu ni binamu yangu, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Anatumia mkono wa kulia, vidole vyake ni vifupi, na viganja vyake vinatoa jasho hata akiwa amekaa kivulini. Anashindana katika IPSC, mchezo wa kupiga shabaha kwa kasi na usahihi, daraja la Production, la bastola zilizobaki karibu kama zilivyotoka kiwandani, kwa bastola ya chuma ya milimita 9, ya ukoo wa CZ 75, ile iliyobuniwa Chekoslovakia miaka ya sabini na ambayo uzao wake umejaa kwenye mistari ya mashindano hadi leo. Umbo la mpini wake ndilo linaloamua kisa hiki, kwa hiyo nilieleze kidogo. Mbele na nyuma ya mpini ni chuma cha fremu yenyewe, kimechongwa vijipembe vidogo vya kushika mkono. Vibao ni viwili tu, kimoja kila ubavu, na kila kimoja kimeshikwa na skrubu moja. Ukibadilisha vibao hujagusa mbele wala nyuma. Umebadilisha mbavu.

Nasisitiza hilo kwa sababu watu huzungumzia "mpini wenye mparuzo" kana kwamba ni kitu kimoja kinachouzunguka mkono mzima. Teke la bastola huinua mdomo juu na kusukuma fremu nyuma, na sehemu kubwa ya teke hilo hupokelewa na mgongo wa mpini kwenye lile bonde kati ya kidole gumba na cha shahada, huku uso wa mbele ukivutwa na vidole vitatu. Mbavu zina kazi nyingine, nayo haifanani kulia na kushoto. Nitarudi hapo.

Kabla ya kununua chochote tulikuwa tumepima. Zoezi lilikuwa lile ambalo wapiga shabaha wengi wanalijua kwa jina la Bill Drill: kutoa bastola kwenye holsta, kupiga risasi sita mfululizo kwenye shabaha moja umbali wa mita saba hivi, taima ikisoma muda wa kila mlio. Alirudia mara kumi na vibao vya plastiki, mikono ikiwa na jasho lake la kawaida. Picha ilikuwa ileile karibu kila mara. Risasi mbili za kwanza zilikaa ndani ya Alfa, eneo la katikati la shabaha, ya tatu ikawa mpakani, halafu tatu za mwisho zikapanda zikielekea kushoto. Muda kati ya mlio na mlio haukubadilika. Kilichobadilika ni mkono: ukiangalia video polepole unaona kiganja cha kushoto kikibanduka kidogo kidogo kwenye ubavu wa bastola, na kufikia risasi ya tano kimebaki kama mtu aliyeegemea mlango. Mkono wa kushoto ukiachia, bastola ya mtu wa mkono wa kulia hupanda ikiegemea upande usio na kizuizi, yaani kushoto.

Hilo lina bei yake kwa pointi. Katika Production kila mtu anahesabiwa kiwango cha Minor, kile cha risasi zenye nguvu ndogo: Alfa ni pointi 5, Charlie inayoizunguka 3, Delta ya nje 1, na jumla inagawanywa kwa sekunde. Chukua hatua, yaani kituo kimoja cha mashindano, ya risasi kumi na mbili, zote Alfa, kwa sekunde 8: pointi 60 gawanya kwa 8, unapata 7.5. Badilisha Alfa tatu ziwe Charlie na umebaki na 54, yaani 6.75. Ili kurudi kwenye 7.5 ileile na Charlie zako tatu unatakiwa umalize kwa sekunde 7.2. Sekunde nzima kasoro mbili za kumi, kwa sababu ya kiganja kilichobanduka. Nani ana sekunde hiyo ya kugawa?

Basi utambuzi wa awali haukuwa wa kipuuzi. Ilikuwa inateleza kweli. Akanunua vibao vya G10, ambavyo ni tabaka za kitambaa cha nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa epoksi, vimechongwa mapiramidi marefu yenye ncha, na katikati vimetuna ili vijaze kiganja. Nilipovishika mara ya kwanza vilinikumbusha tupa ya kunolea msumeno.

Tukarudia zoezi lilelile, mara kumi. Na hapa ndipo kisa kilipoanza kunivutia, kwa sababu matokeo hayakuwa mabaya. Yalikuwa ya ajabu. Ule mtiririko wa kupanda kushoto ulitoweka. Katika mizunguko saba risasi sita zilikaa pamoja, nyingine zikigusana. Lakini katika mizunguko mitatu risasi zote sita zilikaa pamoja mahali pabaya: mara mbili kushoto chini kwenye Charlie, mara moja nusu ndani nusu nje. Zamani bastola ilikuwa ikianza vizuri na kuharibika njiani. Sasa ikianza vibaya ilibaki vibaya mpaka mwisho, kwa uaminifu kabisa.

Vibao vile vilikuwa vinashika mkono mahali ulipotua. Kutoa bastola kwenye holsta ni tendo la chini ya sekunde moja na nusu kwa mtu wa kiwango chake, na mkono hautui sawasawa kila mara. Mpiga shabaha mzoefu hurekebisha bila kujua: kiganja kikitua milimita tatu pembeni, kinateleza hadi mahali pake wakati bastola inapanda kuelekea machoni, na ndipo kinakaza. Kile kijiteleza kidogo ni sehemu ya utoaji. Vibao vyake vipya vilikuwa vimekifuta. Ngozi ikigusa tu, imekamatwa.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza kibao kinashika kiasi gani. Nauliza kinaanza kushika lini. Piramidi yenye ncha kama sindano huzama kwenye ngozi hata mkono ukiwa mlegevu. Piramidi iliyokatwa kichwa, ikabaki na kijiuso bapa hata cha nusu milimita, hukuacha uteleze ukiwa mlegevu na kukuuma ukikaza, maana ngozi inahitaji msukumo ndipo iingie kwenye mabonde yaliyo kati ya vichwa. Jasho nalo linapata pa kwenda: linashuka kwenye mabonde badala ya kukaa kama utando kati ya ngozi na plastiki. Jaribio lake ni rahisi na halihitaji risasi. Bastola ikiwa tupu, ikaguliwe mara mbili, na risasi zisiwepo hata chumbani. Weka kiganja juu ya kibao bila kukaza, sukuma. Kinapaswa kusogea. Kaza kama unavyokaza uwanjani, sukuma tena. Kisisogee. Vibao vingi vinavyosifiwa kwa ukali vinashindwa nusu ya kwanza ya jaribio hilo, na vilaini vinashindwa ya pili.

Ila hilo halikueleza vidonda. Mtu aliyeshikwa sawasawa hachubuki, kwa sababu ngozi huchubuka pale inaposogezwa mbele na nyuma juu ya kitu kikali. Kwa hiyo mkono wa kushoto, pamoja na ukali wote ule, ulikuwa bado unatembea. Kwa nini?

Tulitumia chaki, ile ya ubaoni, ya rangi ya buluu. Nilisugua vibao vyote viwili mpaka mabonde yakajaa, nikafuta mikono yake kwa kitambaa, akatoa bastola tupu kwenye holsta mara moja, akaelekeza kwenye kizuizi cha risasi, akakaza kwa sekunde tano, akaachia. Kisha tukasoma vibao na viganja pamoja.

Kibao cha kulia kilikuwa kimefutika karibu chote. Hilo ni la kawaida, kiganja cha kulia kinakifunika. Kibao cha kushoto ndicho kilichotusimulia habari. Kwa mtu wa mkono wa kulia aliyeshika vizuri, ncha za vidole vitatu vya kulia huzunguka mbele na kuishia kwenye robo ya mbele ya kibao cha kushoto, zikiacha nafasi wazi nyuma yake. Nafasi hiyo ni ya nyama ya chini ya kidole gumba cha kushoto. Ndiyo kitako cha mshiko mzima. Kwake yeye alama za vidole zilifika zaidi ya nusu ya kibao. Nyuma kabisa, juu, karibu na ukingo, palikuwa na ukanda mwembamba uliofutika, upana wa penseli. Kiganja chake cha kushoto hakikuwa kimekaa juu ya bastola. Kilikuwa kimekaa juu ya vidole vyake mwenyewe, kikigusa kibao kwa ule ukanda tu, na ukanda ule ulikuwa na umbo lilelile la mabaka niliyoyaona mkononi.

Mbona vidole vimefika mbali hivyo, na ni vifupi? Nilimwambia ashike tena, nikaangalia kutoka juu. Mkono wa kulia ulikuwa umezunguka. Bastola haikuwa kwenye mstari mmoja na mkono wa chini ya kiwiko, mgongo wa mpini ulikuwa umekaa kwenye kifundo cha kidole gumba badala ya kwenye bonde. Alikuwa amezungusha ili kidole cha shahada kifikie triga. Risasi ya kwanza ya bastola hizi hupigwa na nyundo ikiwa imelala, triga iko mbele kabisa, na kila milimita inayoongezeka kwenye kibao cha kulia ni milimita ambayo kidole kinapaswa kuizunguka. Nikapima kwa kalipa: pale kilipotuna zaidi, kibao kipya cha kulia kilizidi kile cha plastiki kwa milimita mbili na nusu. Kwenye mkono wangu ningesema kimenijaza vizuri. Kwenye mkono wake kilimsukuma pembeni.

Mfuatano ukawa huu. Kibao cha kulia kinene kinamzungusha mkono. Mkono ukizunguka, vidole vinafika mbali zaidi na kuvamia kibao cha kushoto. Vidole vikivamia, kiganja cha kushoto kinakosa kiti. Kikikosa kiti kinaning'inia kwenye ukingo, na kila mlio unakisugua juu ya mapiramidi. Kidonda kiko kushoto, chanzo kiko kulia. Angetafuta kibao cha kushoto chenye ukali mdogo zaidi, kama alivyokuwa amekusudia, vidonda vingepona na bastola ingerudi kupanda kushoto kama zamani.

Nikiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimefikiria glavu.

Basi tukatafuta tena, safari hii tukianza na unene, mparuzo baadaye. Kigezo cha unene kwa mkono wa kulia hakina ubishi mwingi: bastola ikiwa kwenye mstari na mkono, nyama ya katikati ya pingili ya kwanza ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila kuvuta kiganja. Kwa vidole vyake hilo lilimaanisha vibao vyembamba kabisa. Na hapo sheria ikaingia, kwa sababu Production si mahali pa kujitengenezea umbo. Vibao vya mtengenezaji mwingine vinaruhusiwa mradi vifuate umbo la vile vya kiwanda, vya kawaida au vya ziada vinavyotolewa na kiwanda hichohicho. Tepu ya msasa inaruhusiwa. Vifuniko vya mpira vinavyovishwa juu ya mpini haviruhusiwi. Vile vilivyotuna, nikivitazama upya kwa jicho la mkaguzi wa vifaa, sidhani vingevuka meza ya ukaguzi. Vyembamba havikuwa na shida, kwa sababu kiwanda chenyewe kinatoa umbo hilo. Anayepiga daraja lingine asome kiambatisho cha daraja lake kabla ya kutoa pesa. Katika Standard, kwa mfano, hofu kubwa ni kisanduku cha milimita 225 kwa 150 kwa 45 ambacho bastola lazima iingie, na huko unene wa vibao unaweza kukutoa nje kwa upana.

Kuhusu malighafi sina mengi. Aluminiamu ni nyembamba na imara, na mparuzo wake haulainiki upesi, ila ikilowa jasho na mafuta ya bunduki inahitaji kuchongwa kwa kina ndipo ishike. Shaba ya njano ni nzito karibu mara tatu ya aluminiamu kwa ujazo uleule, na wanaoipenda wanapenda uzito huo ukae chini ya mkono; bastola yake tayari ni chuma kitupu na mikono yake ilishatosheka. Mpira unanepa, na kitu kinachonepa kati ya mkono na bastola hukusumbua kwenye risasi ya pili. Mbao ni nzuri kwa macho. Tepu ya msasa ndiyo njia ya kwanza ninayomshauri mtu yeyote ambaye hajui anachotaka, kwa sababu unaikata kwa mkasi, unaibandika upande mmoja tu, unajaribu wiki mbili, unaibandua. Ubaya wake ni kwamba chembe zake hupukutika, na mahali penye jasho kingo huanza kuchanuka. Akabaki na G10, ile ileile ya mwanzo lakini nyembamba na bila kutuna, ikiwa na mapiramidi makubwa.

Kulikuwa na mzee mmoja uwanjani, mtu wa bastola ya upepo ya mita 10, aliyetusikiliza kwa subira kisha akasema sisi tunajisumbua: nunua mpini wa mbao wa saizi yako, jaza mapengo kwa putty, chonga mpaka mkono uingie kama kwenye kiatu. Kwake ni sahihi. Katika mchezo wake mtu ana saa moja na robo kwa risasi 60, mkono mmoja tu, teke karibu halipo, na kati ya risasi na risasi anaweza kuweka bastola mezani na kuushika mpini upya mpaka aridhike. Sisi tunaushika mara moja, kwa haraka, na tunaishi na tulichoshika. Lakini nilichukua kitu kutoka kwake: yeye alianza na umbo, na mparuzo kwake ulikuwa wa mwisho kabisa, vidoti vilivyopigwa kwa patasi baada ya kila kitu kukaa.

Sasa aibu yangu. Vibao vyembamba vilipofika nilivifunga mimi, kwa skrubu za zamani, kwa sababu ziliingia bila kugoma. Kesho yake mazoezini, kwenye zoezi la kubadilisha magazini, alibonyeza kitufe na magazini ikatoka nusu, ikabaki inaning'inia. Akaing'oa kwa mkono, akaendelea, iliyofuata ikafanya vilevile. Tukadhani ni uchafu. Tulisafisha. Haikusaidia. Nikaipaka magazini kalamu ya wino mweusi pande zote, nikaiingiza na kuitoa mara tatu, na kwenye ubavu mmoja pakawa na mstari mmoja mweupe, mnyoofu, kuanzia katikati hadi chini. Ncha ya skrubu. Kibao kikipungua unene kwa milimita moja na nusu, skrubu ileile inapenya ndani zaidi kwa milimita moja na nusu, na upande wa ndani wa fremu hakuna kitu kingine isipokuwa magazini inayopita.

Nilizipunguza kwa tupa, nikiacha meno ya kutosha yashike, nikaondoa vinyweleo vya chuma, nikatia tone la gundi ya skrubu, ile dhaifu inayofunguka kwa bisibisi. Baada ya hapo nimejiwekea utaratibu: kila nikibadilisha vibao, vya nani vyovyote, bastola inasimamishwa wima ikiwa tupu, magazini tupu inaingizwa, kitufe kinabonyezwa, na magazini lazima ianguke yenyewe kwa uzito wake. Kisha bastola inalazwa kidogo kulia, tena kidogo kushoto, na inarudiwa. Kwa bastola nyingine kuna mitego tofauti. Kwenye Beretta 92, kwa mfano, kibao cha kulia kinashikilia springi ya fimbo ya triga, na kibao kisichokaa vizuri pale kinaweza kukunyima triga kabisa. Kibao cha mpini kinaonekana kama pambo mpaka siku utakapojua kilichokuwa nyuma yake.

Vibao vikiwa vimekaa, tukarudi kwenye chaki. Vidole vya kulia vilikuwa vimerudi kwenye robo ya mbele, na nyuma yake palifutika eneo pana la umbo la yai, kama vidole vitatu kwa viwili. Kiganja cha kushoto kimepata kiti. Mapiramidi makali upande huo aliyataka yabaki vilevile, na nilikubaliana naye, kwa sababu mkono wa kushoto hautui kwa haraka ileile: unakutana na bastola ikiwa tayari imetoka, mbele ya kifua, na unakuja ukiwa umeshaanza kukaza. Hauhitaji kuteleza. Upande wa kulia ulikuwa na kazi nyingine. Huko ndiko mkono unakotua kwenye holsta bila kuona, na huko ndiko kile kijiteleza kinahitajika.

Nikakata vichwa vya mapiramidi ya kibao cha kulia. Msasa wa namba 220 uliobandikwa kwenye kipande bapa cha mbao, maji mengi, barakoa usoni, kwa sababu vumbi la G10 ni vumbi la kioo na epoksi na halifai mapafuni. Unasugua viboko kumi, unaosha, unajaribu mkono, unasugua tena. Nilisimama pale kiganja kilipoteleza kikiwa kilegevu na kugoma kikikazwa. Ukivitazama kwa mbali vibao vyake ni pacha. Ukivipitisha kidole, kimoja ni msumeno na kingine ni kama ulimi wa paka. Mtu atakayekuambia vibao lazima vilingane pande zote anafikiria picha ya dukani.

Kwa wale wanaopiga IDPA, mchezo mwingine wa bastola unaoiga hali ya kujilinda, ambako mara nyingi bastola hutolewa chini ya kizibao, jambo hili lina uzito zaidi: kibao kikali upande wa nje hung'ang'ania kitambaa na kukivuta pamoja na bastola. Huko ningelainisha kulia hata zaidi.

Mizunguko kumi ya mwisho ilitoa picha hii. Tisa zilikuwa na risasi sita ndani ya Alfa, ingawa hazigusani tena kama zile saba za vibao vikali. Zimetawanyika kwa upana wa kiganja, na hilo linatosha, Alfa haitoi pointi ya ziada kwa uzuri. Mzunguko wa kumi ulianza na Charlie ya kushoto, na risasi ya pili ikawa imerudi ndani. Nilipoiona hiyo nilifurahi kuliko tisa zile nyingine. Mkono ulitua vibaya, ukajirekebisha.

Jasho halijaisha. Kwenye hatua ndefu ya risasi 32 mikono yake inalowa kabla hajafika nusu, na anatumia chaki ya maji, anayopaka mkono wa kushoto peke yake. Alijaribu kuipaka yote miwili, akasema kulia kumeanza kukamata tena, akaacha. Mabaka yamefunga, na mahali pake pameota sugu ndogo, chini kidogo ya yalipokuwa, kwenye nyama yenyewe. Vile vibao vilivyotuna anavyo bado kwenye boksi la vifaa. Wiki iliyopita kaka yake mkubwa, mwenye viganja kama sahani, alivifunga kwenye bastola yake ya mazoezi, na anasema havijawahi kumchuna.